Moshi Ikishangilia, Usiseme Nchi Imeamua

Kama urais wa Tanzania ungekuwa unatolewa kwa kelele, upinzani ungekuwa Ikulu tangu 1995, na tangazo lingesomwa pale mnara wa saa, Moshi mjini, kabla ya saa tano usiku wa siku ya kura. Kwa kushangilia, mji huu hauna mpinzani. Bodaboda zinapiga honi kutoka Majengo mpaka Pasua, baa zinazima muziki ili watu wasikilize redio, na huko juu Kibosho, Marangu na Machame mbege inanywewa kwa sababu mbili: ile ya kila siku, na ushindi ambao hajautangaza mtu yeyote mwenye mamlaka ya kuutangaza.

Ukweli mchungu ni kwamba kelele hizo zimeshawaponza watu zaidi ya mara moja. Na wanaoziwasha si wanasiasa peke yao. Ni watu wa kawaida tu, wenye bando la kutosha na wafuasi wengi kidogo kuliko jirani zao.

Wadau wa mjini wanamkumbuka MC mmoja wa harusi, jina kapuni. Usiku wa 25 Oktoba 2015 alikuwa na picha ya fomu moja ya matokeo, ya kituo kimoja, cha mtaani kwao. Mgombea wake alikuwa amemwacha mwenzake mbali sana. MC akaandika kwenye grupu la WhatsApp la kamati ya harusi, lenye watu wengi: "Mzee kashapita." Hakuandika kapita wapi. Muda si mrefu maneno hayo yakavuka mpaka kwenye magrupu ya ukoo, ya kwaya na ya waliosoma pamoja sekondari, na kila yalipopita yakaongezewa asilimia. Kwanza ilikuwa 60. Yalipowafikia ndugu walioko Kariakoo ilikuwa 72, na chanzo kilishakuwa "mtu wa ndani ya Tume".

Siku nne baadaye, 29 Oktoba, Jaji Damian Lubuva, mwenyekiti wa Tume ya Taifa ya Uchaguzi wakati ule, alimtangaza John Magufuli wa CCM kwa kura 8,882,935, sawa na asilimia 58.46. Edward Lowassa, aliyesimama kwa tiketi ya CHADEMA akiungwa mkono na vyama vya UKAWA, alipata 6,072,848, yaani asilimia 39.97. Tofauti ni kura 2,810,087. UKAWA waliyakataa matokeo hayo wakasema wao ndio washindi, na hoja hiyo ina watetezi mpaka leo. Lakini hata anayeiamini kwa moyo wote hawezi kusema aliijua kutoka kwenye fomu moja ya Moshi.

Na hapo ndipo penye shida. Fomu ile haikudanganya. Ilikuwa ya kweli, ina saini za mawakala, imebandikwa ukutani kama sheria inavyotaka. Aliyedanganya ni yule aliyeibebesha mzigo ambao fomu moja haiwezi kubeba.

Chukua hesabu ya kawaida kabisa, isiyohitaji hata kikokotoo. Mwaka 2015 nchi ilikuwa na majimbo 264, Bara na Visiwani. Mkoa wa Kilimanjaro una majimbo 9: Hai, Siha, Rombo, Vunjo, Moshi Mjini, Moshi Vijijini, Mwanga na Same mbili. Hiyo ni asilimia 3 na ushee. Kwenye ubunge, UKAWA walizoa 7 kati ya hayo 9, na zile sherehe zilistahili, hakuna wa kuwanyima. Lakini mtu anayetazama majimbo 9 akatangaza 264 ni sawa na mgeni aliyeshuka stendi ya Moshi asubuhi ya baridi ya Julai, akapiga simu Mtwara kuwaambia wavae makoti.

Tena basi afadhali ungekuwa mkoa wa kawaida. Mlima huu una historia yake na upinzani. Mwaka 1995, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, Augustine Mrema, mtoto wa Kiraracha kule Vunjo, alikuwa akisukumwa gari na mashabiki kila alikokwenda. Kilimanjaro ilimpa kura zake bila kinyongo. Matokeo ya nchi? Benjamin Mkapa asilimia 61.82, Mrema 27.77. Edwin Mtei, mmoja wa waliokianzisha CHADEMA, ni mtu wa Marangu. Philemon Ndesamburo alikaa na ubunge wa Moshi Mjini kwa miaka 15, kuanzia 2000 mpaka 2015. Kwa hiyo mtu anapoamka usiku wa manane na kuposti "Moshi imekwenda upinzani!", anatoa habari ya zamani kwa herufi kubwa. Kwa miaka ile, habari ya kushtua ingekuwa CCM kuongoza Soweto na Njoro. Hiyo ndiyo ingefaa kumwamsha mtu kitandani.

Wanaoijua kazi hii ya kukisia mshindi usiku wa matokeo hawaulizi nani anaongoza hapa. Wanauliza: ameongeza au amepungua kiasi gani kulinganisha na mara iliyopita? Mwaka 2010 Jakaya Kikwete alipata karibu asilimia 63. Dk. Willibrord Slaa wa CHADEMA alipata 27, Profesa Ibrahim Lipumba wa CUF 8 hivi. Vyama hivyo viwili viliingia 2015 vikiwa UKAWA, kwa hiyo Lowassa hakuanza na sifuri, alianza na kama 35. Ili ashinde alihitaji kuongeza 15 hivi nchi nzima. Aliongeza 5. Ni nyingi kwa uchaguzi mmoja, na CCM yenyewe ilishuka kutoka 63 hadi 58, jambo ambalo halikuwa dogo kwa chama kile. Ila 5 si 15.

Sasa hizo 15 zingetoka wapi? Si Moshi. Mahali ambapo upinzani tayari unachukua kura nyingi hapana nafasi kubwa ya kupanda, kama gunia lililokwisha kujaa. Zingetoka Dodoma, Tabora, Singida, Ruvuma, kule ambako CCM ilizoea kulala usingizi. Kwa hiyo mtu wa Moshi aliyetaka kujua ukweli usiku ule alipaswa kumpigia binamu yake aliyepangiwa ualimu Manyoni, amuulize kituoni kwao kukoje, na mwaka 2010 kulikuwaje. Binamu angemjibu kwa sentensi mbili na usingizi ungekuja. Badala yake kila mtu alimpigia mtu wa Himo, na mtu wa Himo akathibitisha kila alichotaka kukisikia.

Halafu kuna suala la mpangilio wa kufika. Tume ilianza kusoma matokeo ya urais jimbo moja moja kuanzia 26 Oktoba pale ukumbi wa mikutano wa Julius Nyerere, Dar es Salaam. Majimbo madogo yenye vituo vichache humaliza kujumlisha mapema. Majimbo makubwa ya mijini yenye vituo mamia huchelewa. Waliokaa mbele ya televisheni siku ya kwanza wakaona CCM inaongoza, wakasema wanachakachua. Wengine wakaona hizo hizo namba wakasema mchezo umekwisha. Wote wawili walikuwa wanatazama foleni ya kufika, si mbio zenyewe. Anayeonja mtori hahitaji kumaliza sufuria nzima kujua chumvi, lakini asipokoroga ataonja ya juu tu. Majimbo 20 ya kwanza huwa ni ya juu ya sufuria.

Usiku ule kulikuwa na kitu kingine kilichowakaa watu kichwani, na hiki hakikuwa kichekesho. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilikuwa imeanza kutumika Septemba 2015, mwezi mmoja na kitu kabla ya kura. Kifungu cha 16 kinahusu kuchapisha taarifa za uongo, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3, au vyote. Milioni 5 kwa kijana anayeuza vocha Mbuyuni! Siku mbili kabla ya kura, Mahakama Kuu nayo ikatoa uamuzi kwenye ule mjadala wa kukaa mita 200 kutoka kituoni "kulinda kura". Jibu likawa ukishapiga, nenda nyumbani. Kisha baada ya kura polisi wakavamia vituo vya kujumlishia matokeo vya CHADEMA jijini Dar es Salaam wakaondoka na vijana na kompyuta, na baadhi ya vijana wakafikishwa mahakamani. Tarehe 29 ikawa zamu ya kituo cha waangalizi wa ndani wa asasi za kiraia, watu 36 wakakamatwa.

Moshi ilizipokea habari hizo kwa ukimya wa ghafla. Inasimuliwa kuhusu kijana mmoja wa duka la kutengeneza simu, yule aliyekuwa amechora jedwali zuri kuliko la televisheni, kata kwa kata, kila kituo na idadi yake. Kazi ya siku mbili. Aliposikia ya Dar akafuta kila kitu, akatoa laini, akapanda daladala kwenda kwa bibi yake Uru na kukaa huko wiki nzima. Yule MC wa asilimia 72 hakufuta chochote. Ujumbe wake ulikuwa umeshaforwadiwa mara nyingi mno hata haukuonekana tena kuwa wa kwake.

Hapo ndipo lawama inabidi igawanywe vizuri. Ni rahisi kuwacheka mashabiki wanaotangaza rais kutoka kibarazani. Lakini sheria inayomtisha kwa namna moja mtu mwenye jedwali la kweli na mtu mwenye uvumi, mwishoni inabakiza uvumi peke yake. Mwenye jedwali ana jina, ana karatasi, ana cha kupoteza. Mwenye uvumi ana "nimetumiwa". Tume kusema ni yenyewe tu inayotangaza mshindi wa urais ni sawa kabisa, kote duniani lazima awepo wa mwisho wa kutangaza. Kujumlisha fomu zilizobandikwa hadharani ni jambo lingine. Karatasi ikishakuwa ukutani ni ya kila anayeweza kusoma. Ikumbukwe pia kwamba Katiba, ibara ya 41(7), inasema rais akishatangazwa na Tume hakuna mahakama itakayochunguza uchaguzi wake. Nchi ambayo haina rufaa baada ya tangazo ingepaswa kuruhusu macho mengi zaidi kabla ya tangazo, si machache.

Haya, mastaa nao. Kuna dada mmoja maarufu Instagram, mzaliwa wa Machame, makazi Dar, nywele zake kila wiki na rangi mpya. Mwaka 2015 mastaa waligawanyika, huku kofia za kijani, huku "mabadiliko", na yeye kwenye kampeni alikuwa upande mmoja mchana na kuwasalimia wa upande wa pili usiku. Usiku wa matokeo akaposti picha yupo na shampeni, maneno mawili tu: "Tumeshinda jamani." Nani kashinda? Hakusema. Wafuasi wa pande zote mbili wakamwagia mioyo. Matokeo yalipotangazwa ile posti ilikuwa bado ni sahihi. Ukitafuta mtu aliyeelewa kukisia matokeo kuliko wote mwaka ule, ni yeye, na hajawahi kuonyesha fomu hata moja.

Aliyelipa gharama ni mwingine. Jamaa mmoja wa bodaboda kijiwe cha Rau aliweka dau la pikipiki yake kwamba Lowassa anaapishwa, dhidi ya mfanyabiashara wa ndizi wa Kiboriloni, mama wa makamo ambaye hakuwa hata na chama. Wenzake kijiweni walimwambia, "Mangi, hilo dau ni hela ya bure." Yule mama aliulizwa baadaye alijuaje. Akasema yeye hununua na kuuza na watu wa Dodoma na Singida kila wiki, na huko hakuna aliyewahi kumtajia Lowassa bila kuulizwa. Basi. Hakuwa na jedwali wala mtu wa ndani ya Tume, alikuwa na wateja wa mikoa mingine. Inasemekana alimrudishia kijana pikipiki baada ya wiki, akimwambia, "Mwanangu, nenda kafanye kazi."

Majirani wa ng'ambo ya Holili walijaribu njia nyingine Agosti 2022, na watu wa Moshi walikuwa mstari wa mbele kufuatilia kupitia televisheni za Kenya. IEBC iliweka picha za fomu 34A za vituo vyake zaidi ya 46,000 kwenye mtandao, kila mtu ajisomee. Vyombo vya habari vikaanza kujumlisha vyenyewe. Kichekesho kikawa kwamba kituo kimoja kilionyesha William Ruto anaongoza huku kingine kikionyesha Raila Odinga, kwa dakika hiyo hiyo, wote wakitumia fomu za kweli! Walianzia mikoa tofauti tu. Kwenye kijiwe kimoja cha kahawa pale Moshi mjini wazee walikuwa wanabadilisha chaneli kulingana na wanayempenda. Halafu katikati ya safari vyombo vile vikapunguza mwendo, vingine vikaacha kabisa, na watu wakabaki gizani siku mbili zenye moto kuliko zote.

Waliotulia ni waangalizi wa ELOG, ambao hawakukimbilia fomu zote. Walichagua mapema vituo takriban 1,000 kwa kuvitawanya nchi nzima, wakasubiri hivyo tu. Makadirio yao yalikuwa Ruto 50 na kitu, Odinga 48 na kitu. Tume ikatangaza 50.49 kwa 48.85, tofauti ya kura 233,211. Makamishna 4 kati ya 7 waliyakana matokeo, kesi ikaenda Mahakama ya Juu, ikaamuliwa Septemba 5. Wakenya wengi hawakufurahi, na ni haki yao. Lakini aliyebisha alibisha akiwa na fomu mkononi, na aliyejibiwa alijibiwa kwa fomu. Vituo 1,000 vilivyokorogwa vizuri vilisema kweli kuliko makumi elfu yaliyojumlishwa kwa pupa.

Huku kwetu mambo yalikwenda upande mwingine. Oktoba 2020 Twitter ilikuwa inapatikana kwa kubahatisha au kwa VPN, na matokeo yakasema Magufuli asilimia 84, Tundu Lissu 13. Majimbo yote 9 ya Kilimanjaro yakaenda CCM, pamoja na Hai ya Freeman Mbowe. Mlima uliokuwa ukijisifu kwa kujua matokeo mapema haukujua hata ya kwake. Upinzani ulisema uchaguzi umeporwa. Waliotaka kuhakiki, kwa namba za vituo, hawakuwa na mahali pa kuzikusanya. Oktoba 29, 2025 hapakuwa na usiku wa matokeo kabisa. CHADEMA haikuwepo kwenye karatasi ya kura, Lissu alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini, intaneti ilizimwa siku ile ile ya kura, na miji kadhaa ikaingia kwenye maandamano ambayo watu walipoteza maisha. Tangazo la Novemba 1 lilisema asilimia 97.66 kwa Samia Suluhu Hassan. Kwenye magrupu ya Moshi, simu ziliporudi hewani siku kadhaa baadaye, hakuna aliyeuliza nani kashinda wapi. Watu walikuwa wanaulizana nani yuko salama.

Wapo wanaosema sasa basi, hakuna haja ya kujifunza haya mambo ya asilimia na vituo, kukisia ni kwa nchi za wenzetu. Hoja hiyo inaeleweka, ila inamsaidia yule yule ambaye angependa watu wasihesabu. Kijana wa duka la simu alikuwa na kosa moja tu: jedwali lake liliishia Moshi. Angekuwa na wenzake 20 wa aina yake, mmoja Manyoni, mmoja Masasi, mmoja Sumbawanga, mmoja Micheweni, kila mmoja na vituo vichache vilivyochaguliwa mapema na namba za uchaguzi uliopita pembeni, wangekuwa na kitu ambacho si MC wala dada wa shampeni anaweza kukipinga. Na Tume ikitaka kuwanyamazisha waongo, ina njia rahisi kuliko polisi: kupiga picha kila fomu ya kituo na kuiweka mtandaoni usiku ule ule. Fomu zenyewe hubandikwa ukutani kwa gundi, na Oktoba mvua za vuli hapa mlimani huwa zimeshaanza kugonga.